Mwalo Wangu na Pampu ya Mourchid

Mimi na shemeji yangu Mourchid tuligombana zaidi ya miaka ishirini juu ya jambo moja: ni kipi kinachokamata dhahabu vizuri zaidi, mwalo wa mbao au pampu ya kunyonya mchanga. Mtu akisikia atatucheka, na ana haki, maana tuligombana juu ya dhahabu katika visiwa vya Komoro, visivyo na dhahabu. Ngazidja ni mawe meusi ya volkano, na mito ya Nzwani haiteremshi ila udongo na migomba iliyong'oka. Lakini ugomvi ule hatukuuanzia huku. Tuliuanzia Madagaska, kwenye mto Betsiboka, bara ya mji wa Majunga tulikozaliwa.

Baba yangu alikuwa na mwalo. Kwa asiyeujua, mwalo ni sanduku refu la mbao lisilo na kifuniko. Unalilaza mtoni kwa mteremko, na ndani umepigilia vijiti vya kukingama. Unamwaga mchanga juu, maji yanaukokota, na dhahabu kwa uzito wake inabaki nyuma ya vijiti. Hauli mafuta wala haupigi kelele. Siri yake yote ni mteremko. Ukiulaza mno, mchanga unajaa. Ukiuinua mno, maji yanakimbia na riziki yako. Baba alipima kwa vidole, vidole viwili kwa kila urefu wa mkono mmoja, na akishaupata mteremko wake hakuna aliyeruhusiwa hata kuuegemea.

Mourchid yeye alimfanyia kazi Mfaransa mmoja mwenye pampu iliyoelea juu ya mapipa. Ilikuwa ya mtindo wa zamani, ule wa kusukuma maji kwenye mdomo wa bomba kabisa ili mchanga uvutwe kutoka chini ya dimbwi. Baadaye zilikuja zile za kusukumia maji katikati ya bomba, zikawa na nguvu zaidi, lakini ile ya Mfaransa ilikuwa ikipaliwa na jiwe kila baada ya dakika kumi, na kisanduku chake cha kukamatia dhahabu kilikuwa kifupi hata unaona haya kukiita kisanduku. Nusu ya dhahabu ilipita ikarudi mtoni. Hayo ni maneno yangu. Maneno yake yeye ni kwamba mwalo hula kile tu unachoupelekea kwa koleo, na koleo halifiki kwenye kina kinachomfunika mtu, ambako ndiko dhahabu iliko.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, shemeji," alikuwa akiniambia, "na wewe mgongo wako haukunjiki."

Ndiye huyo aliyemwoa dada yangu Oumi. Nilihudhuria harusi nimenuna.

Ya Majunga sitaki kuyaeleza sana. Ilikuwa Desemba ya mwaka sabini na sita, watu wetu waliuawa mitaani na nyumba zao zikachomwa. Mama alikuwa na kidani kimoja cha dhahabu, cha mama yake, na siku zote alikifunga kwenye pindo la kitambaa, fundo juu ya fundo. Siku ya kwanza ya makelele alikwenda nacho kisimani akakitumbukiza. Akamwambia Oumi, "Nyumba huchomwa, mwanangu. Maji hayachomeki." Mchana ule akatoka kumtafuta jirani yake, na hakurudi. Hatukumwona tena, wala maiti yake. Oumi alikiopoa kidani kwa ndoo kabla hatujakimbilia kambini.

Mwaka uliofuata tukarudishwa Komoro kwa ndege za Sabena, na jina la ndege likatuganda. Mpaka leo sisi ni Masabena. Kule Majunga tuliitwa Wakomoro, tukafukuzwa kwa hilo, na tulipofika kwa Wakomoro wenzetu tukawa Masabena. Mimi nilibaki Moroni, mji mkuu ulioko Ngazidja, nikafungua karakana ya kutengeneza mashine za ngalawa na pampu karibu na bandari ya zamani. Mourchid, kwa kuwa babu zake walitoka Nzwani, akaenda Mutsamudu na mkewe. Kaburi la mama hatuna. Tulichokuwa nacho ni kidani, na kilikaa kwa Oumi.

Basi mwaka tisini na saba Nzwani ikatangaza kujitenga. Mwezi wa tisa askari kutoka Moroni wakashuka Mutsamudu, risasi zikalia mjini siku tatu. Oumi, aliyekwisha kuona nyumba zikichomwa, alifanya alichofundishwa na mama. Alikichukua kidani akaenda nacho mtoni, akakificha chini ya jiwe alilozoea kufulia. Risasi ziliponyamaza, vijana wenye bunduki walikuwa wamekaa darajani na hakutaka wamwone akichimba. Alisubiri. Kisha akaanza kuumwa, na mwezi wa kwanza mto ukafurika ukalisukuma lile jiwe pamoja na kila kilichokuwa chini yake.

Hayo niliyajua kwa barua ya binti yake, Nassima, iliyoletwa na baharia mmoja, maana simu zilikuwa hazipiti. Aliandika: "Mjomba Sounhadj, mama ana uvimbe tumboni na tumeambiwa tumstareheshe tu. Harusi yangu ni baada ya wiki tatu. Hana analolitaka ila kuniona na kidani cha bibi shingoni kabla hajafumba macho. Baba ameunda pampu yake ya kunyonya anachimba mtoni peke yake. Anasema usije. Anasema hasa usije na mbao."

Nikapakia mbao siku ileile.

Bandarini Mutsamudu kijana mmoja mwenye bunduki aliniuliza mimi ni wa wapi, na kwa jinsi alivyouliza nilijua jibu la Ngazidja si jibu la kutoa. Nikamwambia, "Sabena." Akacheka, akaziangalia mbao zangu, akasema, "Pita, mzee, hata ninyi mnajenga?" Nikapita nimelimeza tusi langu.

Oumi walikuwa wamempandisha Patsy, kijiji kilicho juu ya mji, kwa Moinafouraha, shangazi yake Mourchid, apate hewa na utulivu. Nilikwenda kwake kwanza. Alikuwa amebaki macho na vidole. Niliketi ukingoni mwa kitanda nikasema upuuzi juu ya safari, kwa kuwa nilitaka kulia.

"Kaka," akasema, "nisikilize. Kile kidani nilikiweka—"

"Chini ya jiwe la kufulia, najua," nikamkatiza. "Usijichoshe. Sisi tumeosha dhahabu tangu hujaota meno. Wewe pumzika."

Akatabasamu. "Na Mourchid mmekwisha gombana?"

"Bado sijamwona."

"Basi nenda, usichelewe."

Nilimkatiza. Ningeweza kuandika kisa hiki chote kwa neno hilo moja. Lakini sote wawili, mimi na Mourchid, tulidhani tunajua. Kidani cha mama hukaa kwenye kitambaa, hivyo ndivyo tulivyokijua tangu utotoni. Tulijua kitambaa kimeoza au kimechanika, na kwamba tunatafuta dhahabu tupu iliyozama kwenye changarawe, kama ile ya Betsiboka. Hakuna kati yetu aliyeona haja ya kumwuliza mwanamke aliyeificha.

Nilimkuta Mourchid amezama mpaka kifuani kwenye dimbwi, bomba limemzunguka kiunoni, na injini ya pampu ya kumwagilia bustani ikikohoa juu ya mapipa mawili. Ilikuwa nakala ya ile pampu ya Mfaransa, mtindo uleule wa zamani, mpaka kile kisanduku kifupi.

"Nilisema usije," akasema.

"Barua ilichelewa."

"Na mbao zilichelewa pia?"

"Kisanduku chako kinarudisha mtoni nusu ya unachokinyonya. Kidani kina shanga ndogo kama punje za mtama. Zitapita hapo mbele ya macho yako, na wewe umesimama majini kama kiboko."

Niligeuka nikaona anafuta uso kwa mkono uliolowa, na si kwa maji ya mto. Hapo ndipo nilipojua kwamba mkewe anakufa kweli, na kwamba yeye analijua hilo kuliko mimi.

Tukaanza kazi. Mafuta ya injini yalikuwa adimu kwa ajili ya mgogoro, ya saa moja tu kwa siku. Baada ya kelele za kutosha tukakubaliana kitu ambacho miaka yote hakuna aliyekiwaza: pampu yake inyonye chini ya dimbwi, na badala ya kumwaga kwenye kisanduku chake, imwage kwenye mwalo wangu, niliouunda kwa zile mbao kama wa baba. Kasi yake, na uvumilivu wa baba yangu. Nilitandika gunia chini ya vijiti likamate zile punje ndogo. Nawaambia, ilikuwa mashine nzuri. Kama tungeiunda Betsiboka tungekuwa matajiri.

Shida ilikuwa mteremko. Kitako cha mto pale ni mawe ya mviringo, na kichwa cha mwalo kilikuwa kimelala chini kwa vidole vitatu hivi. Nilijaribu jiwe hili, jiwe lile, kila moja likateleza. Nikapapasa kwenye changarawe tuliyoitoa juu ya dimbwi, nikapata kopo kuukuu la maziwa ya unga, limeshika kutu, zito, limejaa kitu kigumu. Mafundi wa nyumba huosha vifaa vyao mtoni na kutupa saruji iliyobaki. Nikaligonga na koleo, likalia bubu. Nikalisukuma chini ya mguu wa mwalo, nikapima kwa vidole. Vidole viwili kwa kila mkono, barabara. Hata baba asingepata zaidi.

"Unaegemeza urithi wa baba yako juu ya takataka," Mourchid akasema.

"Inakaa sawa au haikai?"

"Inakaa. Lakini toa hilo kopo, weka kitu cha maana. Litapasuka."

"Ng'o. Uguse mguu huo nikuvunje wako."

Kwa siku sita kopo lile likawa utani wake wa asubuhi. Akifika huuliza, "Kopo limeamkaje?" Nami humjibu limeamka salama kuliko pampu yako. Wanawake waliokuja kufua walizoea kutucheka, na mmoja, Maanrifa, alisema hajapata kuona wazee wawili wenye ndevu wakigombea kopo. Tulicheka nao. Nakumbuka tulicheka, na jambo hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Tulipata mengi. Tulipata vifungo, risasi za nyavu, sarafu za zamani, kipuli cha mwanamke mwingine ambacho Maanrifa alimpelekea mwenyewe. Siku ya tatu kitu kiling'aa nyuma ya kijiti cha pili, cha manjano, na moyo wangu ukaruka. Lilikuwa ganda la risasi, la mwezi wa tisa. Baada ya hapo yakaja kwa wingi. Kila kilichong'aa kilikuwa ganda la risasi, na kila mara mmoja wetu alijidanganya kwa pumzi moja kabla ya kulitupa.

Kila jioni Nassima aliteremka kutoka Patsy na chakula, anauliza kwa macho, nasi tunatikisa kichwa. Hakulalamika hata mara moja. Siku ya tano alisema, "Mama anauliza tu kama mmepatana." Nikamwambia mwambie tumepatana. Akasema, "Atajua ni uongo, mjomba."

Siku ya saba ilikuwa Ijumaa. Kufika saa tano mlima ulikuwa umejifunika, mweusi tangu Patsy kwenda juu. Mourchid aliangalia akasema, "Tuvitoe vitu mtoni kabla ya sala. Kule juu inanyesha."

"Nikiung'oa mwalo nitaupoteza mteremko," nikasema. "Nimehangaika nao asubuhi nzima siku ile. Mvua ya juu si lazima ifike huku."

"Sounhadj. Huu mto naujua."

"Na mimi naujua mwalo."

Alinyanyua injini yake peke yake, akaiweka ukingoni, akaniacha na mwalo wangu. Tukaenda msikitini. Imamu alikuwa hajamaliza hotuba tuliposikia mto, mngurumo kama wa lori linalomwaga mawe. Sikumaliza sala yangu vizuri, Mungu anisamehe. Tulipofika ukingoni maji yalikuwa mekundu, yamejaa matawi, na pale uliposimama mwalo wangu hapakuwa na kitu. Ubao mmoja tu tuliuona mbali, unaingia baharini.

Mourchid hakusema nilikuonya. Alisema, "Twende tukamwambie mwenyewe, kabla hajasikia kwa watu."

Tukapanda Patsy tumelowa. Oumi alikuwa ameegemezwa mito miwili, Nassima anampepea. Nikamweleza kwamba mto umefurika, mwalo umekwenda, lakini pampu ipo, maji yakipungua tutaanza upya, mbao nitapata nyingine. Nilisema haraka haraka kama mtoto aliyevunja sahani.

Akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Na kopo hamkuliona?"

"Kopo gani?" nikasema.

"La maziwa. Nilitaka kukwambia siku ile." Alipumzika kidogo. "Kitambaa kingeoza, kaka. Nilikitia kidani kwenye kopo la maziwa ya unga, nikakizungushia kokoto, nikayeyusha mishumaa mitano nikaimimina juu yake mpaka likajaa, kisilie ndani wala kisipate maji. Na kifuniko nikakizungushia nta. Nilijisifu, nikasema hata mama asingewaza hivyo. Nyinyi mlikuwa mnachekecha mchanga wa nini?"

Sikuweza kuinua uso. Nilikuwa natazama miguu ya kitanda. Nilijua kwamba Mourchid yuko nyuma yangu, kwamba amesikia kila neno, na kwamba tangu mwanzo aliniambia toa hilo kopo. Hakuna mtu duniani aliyewahi kushinda ubishi kama alivyoushinda yeye dakika ile. Nilingoja aseme. Nilitaka aseme, wallahi, anitukane mbele ya mkewe na bintiye.

Akapita pembeni yangu, akakaa kitandani, akamshika Oumi mkono.

"Hatukuliona, mke wangu," akasema. "Kopo ni zito. Litakuwa limeshuka chini zaidi ya pale tulipochimba. Tutalipata."

"Basi lipo," akasema Oumi. "Zito haliendi mbali."

"Haliendi mbali," akasema Mourchid.

Alilala akiwa ametulia, na Jumapili alfajiri akafariki. Tulimzika Patsy, kwenye kaburi lenye jina, jambo ambalo mama hakulipata. Arobaini ilipokwisha Nassima aliolewa bila ngoma, shingo tupu. Shangazi Moinafouraha alitaka kumwazima mkufu wake, akakataa. Alisema kidani chake kipo mtoni na siku moja kitaonekana, mama amesema.

Nilirudi Moroni, na kwa miaka mitatu hapakuwa na njia ya kwenda wala kuja kwa amani. Kulikuwa na siku Moroni watu wa Nzwani walipofukuzwa mitaani, vijana wakibeba mawe, nami nilijifungia karakanani nikasikia Majunga nzima ikirudi masikioni. Nilimwandikia Mourchid barua nyingi za kukiri. Zote nilizichana. Ningekiri nini asichokijua?

Visiwa vilipopatana, akaja. Alikuwa amezeeka, amevaa koti la kuazima, ameleta ndimu na barua ya Nassima yenye picha ya mtoto wake wa kike, waliyempa jina la Oumi. Nikampikia chai. Karakanani nilikuwa na pampu ya mteja, ya mtindo mpya, na alipoiona akachutama akaigeuza, akaukagua mdomo wa bomba, na kwa muda tukawa vijana wa Betsiboka. Nikaona ndiyo nafasi yangu.

"Mourchid," nikasema, "pampu yako ilikuwa bora. Tangu mwanzo. Nilikosea miaka yote."

Hakuinua kichwa. Aliendelea kuichunguza ile pampu, akafuta mafuta vidoleni kwa kitambaa changu.

"La, shemeji," akasema. "Mwalo wako ulikaa sawa kabisa. Sijapata kuona mwalo uliokaa sawa vile."

Akaomba chai nyingine, nami nikamimina mpaka ikamwagika mezani.